Dawa ya Moyo Katika Tumbo Lenye Ugonjwa

Katika barua zilizofika kwetu mwezi huu iko moja iliyotukalia moyoni. Yatoka Butembo, kwa kijana anayemtunza mama yake mzazi. Atueleza kwamba mama huyo, mwenye umri wa miaka 61, ana ugonjwa wa utumbo tangu miaka tisa: huharisha kwa majuma kadhaa, mara nyingine kwa damu, kisha hupata nafuu, na baada ya miezi ugonjwa hurudi. Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, na pumzi ikawa fupi hata hakuweza kupanda mlima wa kanisa bila kusimama mara tatu njiani. Daktari akaona ya kuwa moyo umedhoofika, akamwandikia vidonge vya aina tatu. Katika juma la pili kuhara kukazidi na chakula kikamchukiza. Majirani wakanong'ona kwamba ni karuho, yaani sumu ya kulishwa kwa siri. Shangazi akaleta chupa ya maji ya magome. Mama mwenyewe akavitupa vidonge chooni akisema vyamwua. Sasa kijana auliza: je, mama amekosa? Na sisi wana tufanye nini?

Swali hili si la nyumba moja, wala halijibiwi kwa neno la ndiyo au la hapana. Tena tuseme wazi kwamba sisi si madaktari, na ukurasa huu hauwezi kumwandikia mtu dawa. Lakini twaweza kueleza jinsi mambo yanavyofungamana, ili mgonjwa ajue la kumwambia daktari wake, na jamaa wajue la kutazama nyumbani.

Tuanze na utumbo. Kwetu mtu akiharisha damu, wote husema amiba. Na mara nyingi ni kweli, au ni vijidudu vingine vya kuhara damu, na dawa ya siku chache humponya. Walakini uko ugonjwa mwingine usioishia hapo. Mwili wa binadamu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao huugeukia utumbo wa mwenyewe, wakauchoma na kuujeruhi miaka kwa miaka. Ugonjwa huu una aina mbili kubwa. Ile ya vidonda vya utumbo mpana ilielezwa na Samuel Wilks huko London mwaka 1859. Nyingine, iwezayo kushika popote katika njia ya chakula, toka kinywani hata mwisho wake, yaitwa kwa jina la Burrill Crohn, aliyeiandika huko New York mwaka 1932 pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Zamani watu walidhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Siku hizi yajulikana kwamba Waafrika nao huyapata. Lakini kwa kuwa ili kuyatambua sharti utumbo utazamwe ndani kwa mrija wenye taa, na kipande chake kidogo kichunguzwe kwa hadubini, mtu aweza kumeza dawa ya amiba mara kumi kabla ya yeyote kushuku jambo lingine. Kifua kikuu cha utumbo nacho hufanana nayo sana, na dawa ipozayo huo ugonjwa wa Crohn yaweza kumwangamiza mwenye kifua kikuu. Ndiyo maana twawasihi wasomaji wasimharakishe daktari anapotaka vipimo.

Juu ya moyo hatuna haja ya maneno mengi. Koo la mtoto lililopuuzwa laweza kuharibu vali za moyo baada ya miaka. Shinikizo la damu huuchosha kimyakimya. Na wako akina mama ambao moyo wao hudhoofika miezi ya mwisho ya mimba au mara baada ya kuzaa. Katika hali hizi zote moyo hushindwa kusukuma damu ipasavyo, na maji hukusanyika miguuni na mapafuni.

Sasa mtu mmoja akiwa na maradhi yote mawili, mambo huanza kugongana, na hapo yatupasa kutulia kidogo.

Dawa mojawapo ya kale kabisa ya moyo, ambayo bado hutolewa, ni digoksini. Hutokana na mimea ya jamii ya digitalis, yenye maua mazuri na sumu ndani yake. Tabibu Mwingereza William Withering aliutumia mmojawapo kwa wagonjwa wake kwa miaka kumi, akatoa kitabu mwaka 1785. Mzee huyo hakuisifu dawa yake tu. Aliandika pia kwamba kipimo kikizidi mgonjwa huchafukwa na roho, hutapika, huharisha, huona vitu kwa rangi ya kijani au ya njano, na mapigo ya moyo hupungua kupita kiasi. Tangu siku hizo hata leo hali haijabadilika: kati ya kipimo kiponyacho na kipimo kidhuruo, nafasi ni nyembamba sana.

Fikirini basi juu ya mgonjwa ambaye tumbo lake lilikuwa likiharisha tangu zamani. Digoksini ikizidi, ataharisha. Naye atasema nini? Atasema ule ugonjwa wangu wa tumbo umerudi. Mwuguzi asiyeulizwa vema atasema vivyo hivyo, naye atatoa dawa ya tumbo, na digoksini itaendelea kumezwa kila asubuhi. Alama ya onyo imefichwa na ugonjwa wa zamani.

Tena liko jambo baya zaidi. Kuhara kwenyewe huifanya digoksini iwe kali. Mtu anapoharisha hupoteza maji, na pamoja na maji hupoteza chumvi iitwayo potasiamu, ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hiyo. Potasiamu ikipungua, digoksini ile ile, kidonge kile kile, huuma zaidi. Pia digoksini hutoka mwilini kwa njia ya figo. Mwili ukikauka, figo hupunguza kazi, na dawa hubaki ndani ikajilimbikiza. Juu ya hayo mgonjwa wa moyo mara nyingi amepewa furosemidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, ili mkojo utoke na uvimbe upungue. Nayo hutoa potasiamu. Na mgonjwa wa utumbo huenda amepewa prednisoloni, ambayo hutoa potasiamu pia, na zaidi ya hayo huzuia maji na chumvi ya chakula mwilini hata miguu ikavimba na shinikizo la damu likapanda. Kila dawa, ikitazamwa peke yake, imetolewa kwa sababu njema. Lakini daktari wa moyo aliyetoa moja hakujua ile ya daktari wa tumbo, na mgonjwa hakuulizwa, au aliulizwa akaona haya kusema habari za choo mbele ya watu.

Ile chupa ya shangazi nayo yataka maneno yake. Katika milima ya Butembo na Lubero watu hulima mkwinini, ambao kwetu wajulikana kwa jina la kinkina. Wasomaji wengi wamelipiwa karo ya shule kwa magome yake. Magome hayo hutoa kwinini ya kutibu malaria, iliyotengwa mara ya kwanza na Pelletier na Caventou huko Ufaransa mwaka 1820. Na huko Bukavu kiko kiwanda cha Pharmakina kilichojulikana kwa kazi hiyo. Lakini wachache wajua kwamba ndani ya gome lile lile imo ndugu yake kwinini, iitwayo kwinidini, ambayo ilikuwa dawa ya moyo kwa miaka mingi.

Habari yake yapendeza. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwendea daktari Karel Wenckebach kwa sababu ya moyo wake uliokuwa ukipiga bila utaratibu. Daktari alimwambia kwamba hana la kumsaidia. Yule mtu akajibu kuwa yeye mwenyewe aweza kuutuliza moyo wake kwa kumeza kwinini, maana alikuwa amejionea katika nchi za malaria. Na kesho yake akarudi, mapigo yakiwa sawa. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kati ya dawa zote za gome hilo, kwinidini ndiyo yenye nguvu kupita zote juu ya mapigo ya moyo. Ikatumika duniani kote. Siku hizi hutolewa mara chache, kwa kuwa zimepatikana nyingine, na kwa kuwa yenyewe yaweza kuuvuruga moyo ule inaoutibu. Na dhara lake linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni lipi? Ni kuhara.

Basi mgonjwa wa utumbo anywaye maji ya magome ya mkwinini apokea kitu kijulikanacho kwa kuharisha. Si hilo tu. Mwaka 1978 matabibu waligundua kwamba kwinidini ikitolewa kwa mtu ameziye digoksini, kiasi cha digoksini katika damu yake hupanda, mara nyingi hata kufikia maradufu. Kwinini nayo hukipandisha, ingawa si kwa nguvu ile ile. Kidonge hakikuongezwa, lakini katika damu ni kana kwamba viwili vimemezwa. Hatumshtaki shangazi. Yeye alileta alichorithi kwa wazazi wake, tena gome hilo limeokoa watu wengi wenye homa. Lakini kikombe chake hakina kipimo: gome moja ni kali na jingine ni hafifu, mmoja huchemsha kipande na mwingine konzi nzima. Mwenye kumeza digoksini asilinywe kabisa. Na akipatwa na malaria, amwambie anayemtibu, kabla ya sindano au kidonge chochote, kwamba yeye ni mgonjwa wa moyo na dawa yake ni fulani.

Ziko dawa nyingine za kuangaliwa. Aspirini hutolewa kwa kipimo kidogo ili damu isigande katika mishipa ya moyo; ni dawa njema kwa anayeihitaji, lakini yaweza kutoa damu tumboni, na mwenye vidonda vya utumbo sharti daktari apime faida na hasara yake. Tusiichanganye na diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kila pembe kwa ajili ya mgongo na magoti. Hizo humwumiza mgonjwa wetu pande mbili kwa mara moja: zaweza kuamsha ugonjwa wa utumbo, na huzuia maji mwilini hata moyo ukalemewa. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli yafaa zaidi. Tungependa wauza dawa wa Butembo na Beni wawe na desturi ya kuuliza swali moja tu kabla ya kupokea fedha: mama, una ugonjwa wa moyo au wa tumbo?

Warfarini yataka uangalifu kupita zote. Hupewa watu waliowekewa vali ya chuma katika moyo, au wale ambao damu yao huganda ndani ya moyo usiopiga sawasawa. Mtu huyu akiharisha, jirani atamshauri anunue Flagyl, ambayo jina lake la kitabibu ni metronidazoli, kwa kuwa ndiyo dawa ya amiba ijulikanayo na watu wote. Lakini metronidazoli huzuia warfarini isiyeyushwe mwilini, nayo huzidi nguvu, na damu yaweza kumtoka mtu utumboni au hata kichwani. Ikiwa lazima aipate, sharti damu yake ipimwe tena na kipimo cha warfarini kirekebishwe.

Nao wenye shinikizo la damu wasikie habari hii. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani walieleza juu ya wagonjwa 22 walioharisha vibaya na kukonda, wengine hata kulazwa hospitalini. Walikuwa wamedhaniwa kuwa na ugonjwa wa utumbo usiokubali dawa. Wote walikuwa wakimeza olmesartani, kidonge cha kushusha shinikizo la damu. Kidonge kilipoachwa, wakapona. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaagiza onyo liandikwe juu ya dawa hiyo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba wengine walikuwa wameitumia kwa miaka kabla ya tumbo kuharibika. Ndiyo sababu hakuna aliyeishuku. Twalitaja hili kwa maana moja: mgonjwa akisema dawa yaniharisha, asichekwe.

Kwa hiyo mama wa barua yetu huenda alikuwa na haki ya kushuku vidonge vyake. Ila kuvitupa chooni kulikuwa hatari nyingine. Moyo uliodhoofika ukiachwa bila dawa hujaza mapafu maji, pengine katika siku chache. Na ziko dawa za moyo, mathalani propranololi na wenzake, ambazo zikikatwa ghafula moyo waweza kushtuka vibaya. Yafaa mgonjwa aende siku ile ile na vidonge vyake mkononi, amwambie daktari: tangu nianze hiki, nimeenda choo mara ngapi, na hali yake ilikuwa hivi. Pengine daktari atapunguza digoksini, au kusimamisha furosemidi kwa siku mbili tatu mpaka kuhara kukome, au kubadili dawa nzima, au kuona kwamba dawa haina kosa na ni utumbo wenyewe uliowaka. Ikiwezekana kupimwa potasiamu na figo, na kipimo hicho kifanyike. Hata sulfasalazini, dawa ya utumbo iliyotokana na kazi ya mama Nanna Svartz, daktari wa Sweden, yaweza kupunguza digoksini inayoingia mwilini. Hivyo hata kuianza au kuiacha lazima kujulikane na anayetibu moyo.

Ziko alama zisizongoja kesho: kuona rangi ya njano au kijani, kutapika kila chakula, mapigo yanayorukaruka au kuwa ya polepole mno, kizunguzungu cha kuanguka, kinyesi cheusi kama lami au damu nyingi, kukosa mkojo, na pumzi inayomzuia mtu kulala chali.

Na maji ya chumvi na sukari? Kwa kila anayeharisha twafundisha lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwenye moyo dhaifu naye hukauka akiharisha, asiachwe na kiu. Ila anywe kidogo kidogo, na jamaa waulize hospitalini kiasi kinachomfaa kwa siku, maana chumvi na maji vikizidi uvimbe hurudi. Ndizi zina potasiamu, nazo si haba kwetu. Lakini mwenye figo mbovu, au anayemeza spironolaktoni, asizile kama dawa bila kuuliza, kwa sababu kwake potasiamu yaweza kuzidi.

Twajua kwa nini watu wa Butembo na Beni huona hofu kusema habari za kuhara na damu. Toka tarehe 1 Agosti 2018 ilipotangazwa Ebola hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa, wengi wao katika nchi hii yetu. Katika miezi ile mtu mwenye kuhara damu alitazamwa kwa jicho lingine hata na ndugu zake. Hofu ile yaeleweka, na mwuguzi anayevaa mipira mikononi mbele ya damu atimiza wajibu wake. Lakini mgonjwa wa miaka tisa mwenye karatasi zake mkononi aweza kueleza kwa dakika moja kwamba kuhara kwake si kwa jana. Asiye na karatasi ataanza upya mbele ya kila mganga. Na kwa kuwa tangu Oktoba 2014 jamaa wengi wa upande wa Beni wamekimbia mauaji, mara nyingine usiku, bila kuchukua kitu, twashauri daftari dogo la shule liwekwe pamoja na kitambulisho: majina ya magonjwa yote mawili, jina la kila dawa na kipimo chake, siku ilipoanzwa, dawa iliyomdhuru. Mwanafunzi wa nyumba aweza kuliandika jioni moja, na pia kulipiga picha kwa simu.

Juu ya karuho tutasema neno fupi. Mtu akidhani amelishwa sumu, na apelekwe hospitali. Huko ndiko sumu hutibiwa. Lakini jina la jirani lililotajwa kwa hasira halirudishwi kwa urahisi, na katika barua hii imekwisha kuonekana njia tatu au nne za kuhara kuzidi bila mtu yeyote kuwa mwovu.

Limebaki jambo moja ambalo mapadre wetu huulizwa mara kwa mara. Wako wagonjwa wasiomeza vidonge asubuhi ya Dominika, wakidhani vitavunja mfungo wa Komunyo Takatifu. Sivyo. Papa Pius XII aliruhusu maji tangu mwaka 1953, na sheria ya Kanisa ya sasa, kanuni ya 919, yasema kwamba katika saa moja kabla ya Komunyo maji na dawa vyaruhusiwa. Tena wazee, wagonjwa na wale wanaowahudumia waweza kupokea hata kama wamekula kitu katika saa hiyo. Kadhalika mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu haumbani mgonjwa, wala mtu aliyekwisha kutimiza miaka 59. Wengine huacha furosemidi peke yake siku ya Misa, kwa kuogopa kutoka nje mara tatu wakati wa mahubiri. Hao wamwulize daktari kama yafaa kuimeza baada ya kurudi nyumbani. Mara nyingi huwezekana. Na wale wanaopanga watu kanisani wamwachie mgonjwa nafasi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, apate kutoka na kurudi bila kutazamwa.